Teke la Gobori

Kisimani Ukongoroni leso ilinitereza,
wakaliona bega.
Limevilia, rangi ya zambarau lililowiva,
pembezoni manjano.
Bi Mtumwa akatua ndoo: "Mwanangu, nani?"
Mjane mie, nani wa kunipiga?
"Gobori," nikasema.
Wakacheka. Kisha wakanyamaza,
na kule kunyamaza kuliuma kuliko bega.

Nguruwe hawakungoja nitoke eda.
Walitoka maweni usiku, mie ndani nawasikia,
wakafukua muhogo matuta sita.
Nilipotoka, sheha akaniandikia kibali,
nikaiteremsha darini bunduki ya Machano.
Marisawa ya mwanzo sijui yalikwenda wapi.
Nilijikuta nimekaa kitako,
mtutu unafuka moshi kama mzee aliyekwishasema lake.

Shemeji Pandu akaja na baiskeli.
"Haina ugomvi nawe," akasema.
"Ukisukuma gunia la mwani umesimama kwenye tope,
nani anateleza?"
"Mie."
"Na gunia likiwa zito, ukalisukuma kwa pupa?"
"Natereza zaidi."
"Basi gunia ni marisawa. Gobori ni wewe.
Hiyo ni hesabu, si hasira.
Baruti umetia kiasi gani?"
"Kama marehemu."
"Marehemu alikuwa mwehu wa baruti.
Punguza. Nguruwe hafi kwa kishindo."

Akaipima mkononi, akaguna.
"Kaichonga."
Kweli. Machano aliipiga randa mbao yote
iwe nyepesi, ya kutembea nayo hadi Charawe.
"Kila unyuzi alioutoa kwenye mbao
kauweka begani mwako.
Chuma kizito hurudi kwa adabu,
chepesi hurudi na kisirani chake.
Tena kitako kirefu, kwa mkono wa mwanamme yule,
wewe chakupata mfupani.
Nawe waishika mbali, kama mtoto wa mtu!
Ukiiachia nafasi itapiga mbio kwanza ndiyo ikufike.
Ikumbatie, shemeji. Egemea mbele."

Akanigeuzia mgongo, akashindilia kwa mdeki,
akanikabidhi: "Imeshiba."
Nikalenga mgomba, nikavuta.
Tik.
Hamna baruti, hamna kitu.
Lakini bega lilikwisharuka,
macho nimekwisha yafumba.
Pandu hakucheka.
"Umeona? Nusu ya teke wajipiga mwenyewe,
na unajipiga kabla."

Jioni akakata kitako vidole viwili,
akatoboa tundu, akatia chubwi za nyavu
ili uzito uliochongwa urudi.
Akauliza kama pana mpira.
Nyuma ya mlango zilikuwa ndara za Machano.
Mwaka mzima tunafagia kuzizunguka.
Nikampa ya kulia,
kisigino kimebonyea pale alipokuwa akikanyaga.
Akaikata, akaigongomea kitakoni,
misumari minne, vichwa vimezama.
Hatukutazamana.

Usiku wa Alkhamisi akatoka dume,
mgongo mweusi kwenye mbalamwezi.
Nikaikumbatia. Nikaegemea.
Macho nikayaacha wazi, yakaniuma kwa moshi.
Nikamkosa.
Nilimkatia Bi Mtumwa mkungu wa ndizi mbichi.

Lakini nilisimama.
Na kile kisigino kilinisukuma begani,
si teke,
kama alivyokuwa akinisukuma alfajiri kwa mguu,
mvivu wa kunyoosha mkono:
"Kazija, we. Kumekucha."

Asubuhi nikapeleka fidia ya ndizi.
Kisimani leso nikaifunga chini ya kwapa, makusudi,
mabega yote mawili nje.
Bi Mtumwa akatazama, akavuta kamba ya ndoo.
"Limepoa," akasema.
Ndiyo, limepoa.
Nikateka maji yangu.